Katherine Philips, mtafsiri aliyeficha jina lake

Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule za upili katika nchi hii wametahiniwa, katika somo la Kiingereza, juu ya tamthilia ambazo watunzi wake hawakuziandika kwa Kiingereza hata neno moja. Wamemsoma Ibsen, ambaye alikuwa Mnorwe. Wamemsoma Brecht, ambaye aliandika kwa Kijerumani. Mtahini huwataka waeleze jinsi mtunzi alivyoyateua maneno yake, nao hujibu kwa ufasaha, wakiyachambua maneno ambayo mtunzi mwenyewe hakuyateua. Aliyeyateua ni mtu mwingine kabisa, ambaye jina lake limepigwa chapa kwa herufi ndogo ndani ya kitabu, na ni nadra kulisikia likitajwa darasani.

Hata katika Kiswahili hali si tofauti. Mwulize mwanafunzi aliyeisoma Makbeth ni nani aliyemleta Mskochi huyo kwetu, uone kama atamtaja Samuel Mushi. Mwulize aliyeisoma Mchuuzi Mwungwana ya Molière kama amepata kulisikia jina la A. Morrison. Labda Mwalimu Nyerere peke yake ndiye anayekumbukwa kwa kumtafsiri Shakespeare, na nashuku kwamba angesahauliwa naye kama asingekuwa Rais.

Kwa sababu hiyo nimeona leo niyasimulie maisha ya mtafsiri mmoja. Si maisha ya mtunzi, ambayo yameandikwa vya kutosha, bali ya mtu aliyeichukua kazi ya mwingine akaivusha bahari. Mtu huyo ni Katherine Philips, Mwingereza wa karne ya 17, ambaye watu wa zama zake walimjua zaidi kwa jina la Orinda. Yeye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza ambaye tamthilia yake iliigizwa na waigizaji wa kulipwa katika visiwa vya Uingereza na Ireland. Tamthilia hiyo haikuwa yake kwa maana ya kawaida: ilikuwa ya Mfaransa Pierre Corneille.

Katherine alizaliwa London tarehe 1 Januari 1632. Baba yake, John Fowler, alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na nyumba yao ilikuwa ya Kipresbiteri, nyumba ya sala ndefu na vitabu vya dini. Mwandishi John Aubrey, ambaye binamu yake alikuwa rafiki wa Katherine, alisimulia kwamba mtoto huyo alikuwa ameisoma Biblia yote kabla ya kutimiza miaka minne. Tukiyapunguza hayo nusu, bado yatabaki ya kutosha. Alipokuwa na umri wa kama miaka minane alipelekwa Hackney, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji nje ya London, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na Bibi Salmon. Wasichana wa tabaka lake hawakufundishwa Kilatini, ambacho kilikuwa ufunguo wa elimu ya wanaume, lakini Kifaransa kilionekana kuwa pambo linalomfaa mwanamwali. Pambo hilo ndilo lililokuja kumpa jina.

Baba yake alifariki mwaka 1642, mwaka uleule ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge vilianza, na kumbi zote za maigizo zikafungwa kwa amri ya Bunge. Mama yake aliolewa tena, na mume huyo mpya akawa mwenyeji wa Wales. Katherine alimfuata mama yake huko. Agosti 1648, akiwa na umri wa miaka 16, aliozwa kwa James Philips wa mji wa Cardigan, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe wa kwanza, binti wa huyo baba wa kambo wa Katherine. Nyumba yake mpya ilikuwa mbali na London, katika pwani ya magharibi yenye mvua na upepo, ambako vitabu vilifika kwa kuchelewa, na watu wa kuzungumza nao juu ya vitabu walikuwa wachache.

Miezi michache baada ya arusi hiyo, Januari 1649, Mfalme alikatwa kichwa hadharani. Hapo ndipo nyumba ya Cardigan ilipoingia katika hali ya ajabu. James Philips alikuwa mtu wa Bunge, mmoja wa wale waliokabidhiwa madaraka ya magharibi ya Wales na serikali mpya. Mkewe, aliyelelewa na Wapresbiteri, moyo wake ulikuwa upande wa Mfalme. Aliandika shairi la kulaani wale waliomtukana marehemu baada ya kumwua. Shairi hilo liliangukia mikononi mwa mtu mmoja aliyeitwa Jenkin Jones, aliyekuwa na ugomvi na mumewe, naye akatishia kulitangaza ili kumwaibisha mume mbele ya serikali. Katherine hakulikana shairi lake. Alitunga jingine la kumwambia mumewe kwamba kama kuna kosa, basi kosa ni lake peke yake, na kwamba si haki mtu kuhukumiwa kwa maneno ya mkewe. Kwa yote tunayoyajua, waliishi kwa kuheshimiana mpaka mwisho, huyu akiwa wa upande huu na huyu wa upande ule.

Mwaka 1655, baada ya miaka saba ya ndoa, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Hector. Mtoto aliishi siku kama arobaini tu. Mwaka uliofuata alizaliwa binti, ambaye aliishi. Mashairi aliyomtungia Hector ni mafupi na hayana madoido, na kwa maoni yangu yanazidi mengi ya mashairi yake ya sifa kwa wakubwa.

Upweke wa Cardigan aliutibu kwa barua. Aliwakusanya marafiki zake, wa kike kwa wa kiume, katika chama kisicho na ukumbi wala daftari, akampa kila mmoja jina la kubuni kutoka katika hadithi za mapenzi zilizokuwa zikisomwa wakati huo. Yeye mwenyewe akawa Orinda. Mary Aubrey, rafiki yake wa tangu Hackney, akawa Rosania. Anne Owen, ambaye alimpenda kuliko wote, akawa Lucasia. Mumewe akawa Antenor. Mashairi yake yalipita kutoka mkono hadi mkono kwa nakala za wino, kama washairi wa pwani yetu walivyopelekeana beti kabla mitambo ya chapa haijafika. Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa unyonge. Kwa watu wa tabaka lile, kupiga chapa kulikuwa jambo la wachuuzi, na kwa mwanamke kulikuwa karibu na kujianika sokoni. Mtu mwenye heshima aliandika, akawapa rafiki zake wasome, akanyamaza.

Mwaka 1660 ufalme ulirudi. Charles wa Pili aliingia London kwa shangwe, kumbi za maigizo zikafunguliwa, na mambo ya James Philips yakageuka. Alikipoteza kiti chake cha Bunge, mali yake ikawa mashakani, na kulikuwa na hatari ya kudaiwa mengi zaidi kwa ajili ya matendo yake ya zamani. Sasa ikawa zamu ya mke, kwa marafiki zake wa upande wa Mfalme, kumsitiri mume. Mkubwa wa marafiki hao alikuwa Sir Charles Cotterell, mshika itifaki wa kasri la Mfalme, ambaye katika chama cha Orinda aliitwa Poliarchus. Cotterell alikuwa amejaribu kumwoa Anne Owen bila ya kufanikiwa. Kutokana na posa hiyo iliyokataliwa ulizaliwa urafiki wa barua baina yake na Katherine, na barua hizo, zilizopigwa chapa mwaka 1705, ndizo zinazotuwezesha leo kumwona mtafsiri akiwa kazini.

Anne Owen aliolewa na bwana mwingine mwenye mashamba Ireland mwaka 1662. Katherine alimsindikiza huko, na akakaa Dublin kwa muda wa mwaka mzima, kwa sababu mumewe alikuwa na madai ya ardhi katika nchi hiyo ambayo yalihitaji mtu wa kuyafuatilia mahakamani. Alikwenda basi kwa sababu mbili, rafiki na kesi. Rafiki alimpoteza polepole, kama anavyopotea rafiki aliyeolewa. Kesi zilikwenda kwa mwendo wa kesi. Katika saa za kungoja alifungua kitabu cha Corneille, akatafsiri onyesho moja la tamthilia ya La Mort de Pompée, yaani Kifo cha Pompey.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwani tamthilia hii inagusana na kitabu ambacho walimu wengi wa Kiswahili wanakijua. Wasomaji wa Juliasi Kaizari watakumbuka kwamba Kaisari anapochomwa visu, anaanguka chini ya sanamu ya Pompey. Kwa Shakespeare, Pompey ni sanamu tu. Corneille aliirudisha hadithi nyuma hadi mwaka 48 kabla ya Kristo, pale Pompey aliposhindwa vitani na Kaisari akakimbilia Misri kuomba hifadhi kwa mfalme kijana, Ptolemy. Tamthilia inaanza kwa baraza: mfalme na washauri wake wanajadili kama wampokee mgeni aliyeshindwa, au wamwue ili wampendeze mshindi. Wanaamua kumwua. Kichwa chake kinapelekwa kwa Kaisari kama zawadi, na Kaisari anachukizwa nayo. Pompey mwenyewe hatokei jukwaani hata mara moja. Anayetokea ni mjane wake, Cornelia, mateka mikononi mwa Kaisari, ambaye anamwambia Kaisari uso kwa uso kwamba atamchukia mpaka kufa. Na baadaye, anapopata habari kwamba watu wa Ptolemy wamepanga kumwua Kaisari kwa hila, anakwenda kumwonya, maana hataki kisasi chake kiibwe na wasaliti. Mwisho anaondoka akiwa amekumbatia chungu chenye majivu ya mumewe.

Si vigumu kuona ni kwa nini hadithi hii ilimshika Katherine Philips. Aliishi katika nchi iliyokuwa imemkata kichwa mfalme wake. Alijua maana ya washauri wanaokaa barazani na kupima uzito wa damu dhidi ya faida. Alijua pia, kuliko Waingereza wengi, kwamba adui anaweza kuwa mtu wa kuheshimiwa, kwa kuwa alikuwa ameolewa na mtu wa upande wa pili.

Onyesho alilolitafsiri liliangukia mikononi mwa Roger Boyle, Lodi Orrery, mmoja wa wakubwa wa Ireland na mtunzi wa tamthilia mwenyewe. Lodi huyo hakumwachia nafasi ya kupumua. Alimsifu, akamhimiza, akamsumbua mpaka akakubali kuimaliza kazi yote. Matendo matano yakakamilika katika muda wa miezi michache tu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye somo kwa wanaofundisha fasihi. Corneille aliandika kwa mishororo ya mizani 12, inayokwenda miwili miwili kwa vina. Mshororo wa Kiingereza uliozoeleka kwa mambo mazito ulikuwa na mizani 10. Katherine alishika vina vya miwili miwili na akajibana katika hizo mizani 10, huku akijaribu kumfuata Corneille karibu mshororo kwa mshororo. Anayejua kutunga atafahamu taabu yake. Ni kama kuambiwa uhamishe maji ya mtungi mkubwa uyatie katika mdogo bila kumwaga tone. Nyerere, alipomtafsiri Shakespeare, alikuwa na unafuu wa kutofungwa na vina, kwa kuwa Shakespeare mwenyewe aghalabu hakuvitumia. Katherine hakujipa ruhusa hiyo. Wakati mwingine mishororo yake inakuwa migumu kama ngozi kavu, na maana inalazimika kujikunja ili ipate kuingia. Lakini katika maneno ya Cornelia Kiingereza chake kinasimama wima, na hakuna anayeweza kusema kwamba kimeazima mkongojo.

Alikuwa akimpelekea Cotterell kurasa kwa posta, naye akizisahihisha na kumrudishia. Lipo jambo moja dogo katika barua hizo ambalo ningependa kila mwalimu wa lugha alijue. Katika mshororo mmoja Katherine alilitumia neno effort, ambalo ni la Kifaransa. Cotterell alilikataa kwa hoja kwamba si Kiingereza. Katherine alikuwa tayari kulitupa, lakini Lodi Orrery akashikilia kwamba libaki, kwa kuwa, kwa maoni yake, lilikuwa limeshapata uraia wa Uingereza kwa miaka kadhaa. Likabaki. Leo hakuna ripoti ya shule katika nchi hii ambayo neno hilo halimo. Mwalimu wa Kiingereza humwandikia nalo mtoto mvivu bila kuwaza kwamba lilipata kusimamishwa mlangoni na kuulizwa pasi. Wale wanaogombana kila kukicha kuhusu maneno ya mkopo katika Kiswahili, wakidai kwamba neno fulani liruhusiwe na fulani lifukuzwe, wangefaidika kuisoma barua hiyo.

Uaminifu wake kwa mtunzi haukumfanya akose la kwake. Baina ya matendo aliweka nyimbo tano alizozitunga mwenyewe, zikatiwa muziki, na pamoja nazo kukawa na ngoma. Wimbo wa baada ya tendo la tatu ndio uliopata sifa kubwa: mzuka wa Pompey unamjia Cornelia usingizini na kumwimbia. Corneille hakumleta Pompey jukwaani, Orinda alimleta. Lakini angalia alipomleta. Hakumtia ndani ya tendo hata moja. Maneno ya Corneille aliyaacha kama alivyoyakuta, na lake akaliweka nje, mahali ambapo kila mtazamaji angejua ni la nani. Sijui mfano bora zaidi wa adabu ya kutafsiri.

Dublin ilikuwa na ukumbi mpya wa maigizo, Smock Alley, uliofunguliwa mwaka 1662 chini ya John Ogilby, ambaye naye alikuwa mtafsiri wa Virgil na Homer. Februari 1663 Pompey iliigizwa humo. Lodi Orrery alitoa pauni 100 kwa ajili ya maleba ya Kirumi na ya Kimisri, fedha nyingi sana kwa wakati huo. Utangulizi wa kusemwa jukwaani ulitungwa na Lodi Roscommon, ambaye miaka 20 baadaye aliandika shairi refu kuhusu sanaa ya kutafsiri mashairi. Tamthilia ilishangiliwa. Mwanamke kusikiwa jukwaani lilikuwa jambo la juzi tu. Hata wanawake waigizaji walikuwa wameanza kuonekana katika kumbi za London mwaka 1660. Miaka saba zaidi ilipita kabla ya Aphra Behn kuanza kujipatia riziki kwa tamthilia zake mwenyewe.

Nakala 500 zilipigwa chapa Dublin, na baadaye kitabu kikapigwa chapa London pia. Jina la mtafsiri halikuwamo. Katherine alikataa katakata. Kitabu kilitunukiwa bibi mmoja mkubwa wa ukoo wa Boyle, na kila aliyestahili kujua alijua kwamba kazi ni ya Orinda, lakini karatasi ya mbele ilikaa kimya.

Wakati huohuo, huko London, kundi la waungwana lilikuwa likiitafsiri tamthilia ileile. Miongoni mwao walikuwamo Edmund Waller, mshairi aliyevuma sana siku hizo, na vijana wa kasri, Charles Sedley na Lodi Buckhurst. Walikuwa wamegawana matendo kama watu wanavyogawana nyama. Katherine aliposikia habari hizo alitetemeka, akaharakisha yake itoke kwanza, na ikatoka. Tafsiri yao ilipomfikia aliisoma kwa makini na hofu ikamtoka. Alimwandikia Cotterell kwamba ameshangazwa na uhuru waliojichukulia waungwana hao wa kuongeza, kupunguza na kubadili kama walivyopenda, uhuru ambao kwa maoni yake mtafsiri hasamehewi, kwa kuwa haupatani na unyenyekevu wa kazi yenyewe. Tusisahau aliyeyasema hayo alikuwa nani. Alikuwa mwanamke kutoka Cardigan, asiye na Kilatini, akimhukumu Waller.

Ugomvi huo haujaisha hata leo. Wapo wanaoshikilia kwamba mtafsiri ni mtunzi wa pili na anayo haki ya kukata na kushona. Hoja yao si ya kupuuzwa. Tamthilia huandikwa ili isemwe na vinywa vya watu, na sentensi inayouma ulimi imekufa hata kama ni ya kweli. Hata hivyo mimi niko upande wa Orinda, kwa sababu moja ya kidarasa. Mwanafunzi anayesoma tafsiri hana njia ya kujua mahali ambapo mtafsiri amebadili. Anayemwongezea Corneille maneno bila kuonyesha mpaka anamtia mwanafunzi deni la uongo ambalo mwanafunzi hakuliomba. Anayeongeza wimbo baina ya matendo hamdanganyi mtu.

Umaarufu ulileta pia dhihaka. William Davenant, katika mchezo wake wa The Playhouse to be Let wa mwaka 1663, aliifanyia mzaha hadithi hiyohiyo ya Kaisari na Cleopatra katika tendo la mwisho. Ni mchezo wa kuchekesha uliounganishwa kwa vipandevipande, na kwa wapenzi wa tamthilia ya Kifaransa una thamani nyingine: tendo lake la pili limetafsiriwa kutoka kwa Molière, na ni miongoni mwa mara za mwanzo kabisa Molière kusikika kwa Kiingereza. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja Waingereza walimpata Corneille kwa heshima na Molière kwa kicheko.

Julai 1663 Katherine alirudi Wales, na upweke ukamrudia. Januari 1664 alipata habari iliyomlaza kitandani. Mwuza vitabu mmoja wa London, Richard Marriott, alikuwa amezipata nakala za mashairi yake, akayapiga chapa bila idhini, yakiwa yamejaa makosa. Kitabu kiliondolewa sokoni mara tu marafiki zake walipolalamika, lakini Katherine aliandika kwa uchungu wa mtu aliyeingiliwa chumbani. Wapo wasomi wa leo wanaodhani alizidisha, na kwamba moyoni hakuchukia kusomwa. Huenda wana haki kidogo. Mtu anaweza kutaka kusikika na asitake kuibwa, na mambo hayo mawili hayapingani.

Wakati huo alikuwa ameanza tamthilia nyingine ya Corneille, Horace, hadithi ya ndugu watatu wa Roma wanaopigana na ndugu watatu wa mji jirani waliounganishwa nao kwa ndoa, ili nchi zao zisimalizane. Kwa mara nyingine alikuwa amechagua hadithi ya nyumba iliyogawanywa na siasa. Machi 1664 alikwenda London, kuwaona marafiki na kutafuta njia ya kumwinua mumewe, akiwa amechukua kazi yake mkononi. Alikuwa ameshafika katika tendo la nne. Mwezi Juni alishikwa na ndui. Alifariki tarehe 22 Juni 1664, akiwa na umri wa miaka 32, akazikwa katika kanisa la St Benet Sherehog, alikokuwa amelala mwanawe Hector. Miaka miwili baadaye kanisa hilo liliteketea katika moto mkubwa wa London, na halikujengwa tena.

Mwaka 1667 Cotterell alitoa kitabu kikubwa cha mashairi yake pamoja na tamthilia hizo mbili, na safari hii jina lake lilichapwa wazi, kwa kuwa hakuwako tena wa kulikataza. Mashairi hayo yalisomwa kwa muda mrefu. Mwaka 1817 John Keats, akiwa kijana wa miaka 21, alilinakili mojawapo kwa ukamilifu katika barua aliyompelekea rafiki yake.

Sehemu iliyobaki ya Horace ilitafsiriwa na Sir John Denham. Tarehe 4 Februari 1668 tamthilia hiyo iliigizwa katika kasri, mbele ya Mfalme na Malkia, na waigizaji hawakuwa watu wa kulipwa bali mabwana na mabibi wa kasri. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Castlemaine, hawara wa Mfalme, aliyevaa vito vilivyokadiriwa kuwa vya pauni 40,000 na zaidi, akamzidi Malkia kwa kung'aa. Habari hizi tunazipata kwa John Evelyn, aliyekuwako usiku huo na kuandika katika shajara yake. Evelyn alivitaja vito, akazitaja ngoma za baina ya matendo, kisha akaandika kwamba tamthilia hiyo ilitungwa na Bibi Philips. Corneille, ambaye wakati huo alikuwa hai Paris akiwa na umri wa miaka 61, hakumtaja kabisa.